Nilitundika sanda yangu dirishani nipige picha ya chupa za samli, majirani wakaja kunizika

Asalaam aleikum wakuu. Na kwa wale wa habari, habari zenu pia.

Mimi ni mzee wa Kiwanjani, hapa Isiolo mjini. Nimefundisha madrasa tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Humu jukwaani huwa nasoma tu na kucheka kimya kimya, lakini leo naandika mwenyewe.

Kuhusu ukweli wa habari hii msiwe na wasiwasi. Mke wangu ameketi kando yangu, anasoma kila neno, na nikiongeza chumvi ananigonga na kijiko cha chai. Kijiko hicho kiko mkononi mwake sasa hivi.

Uzi huu ni wa kupiga picha chupa za kioo kwa simu ya kawaida, bila taa za studio na bila kununua kitu. Pia ni habari ya jinsi nilivyosikia watu wakiniombea rehema nikiwa mzima, nimevaa soksi, nimeshika simu.

Nitakwenda polepole. Goti langu haliruhusu mbio.

Mke wangu anaitwa Mama Guyo. Kijana wetu Guyo anakaa Merti na ng'ombe zake. Siagi inayopatikana huko anaituma kwa pickup, na Mama Guyo anaipika upya hapa nyumbani taratibu mpaka inakuwa samli safi, rangi ya dhahabu. Siku ya kupika, majirani wote wanajua bila kuambiwa. Harufu inawafikia kabla ya salamu.

Kazi hii alifundishwa na marehemu mama yake.

Kwa miaka mingi aliiuza kwa jerikani kwa mtu mmoja wa sokoni. Yule mtu alikuwa akiichanganya na mafuta ya kupikia ya dukani, kisha anaiuza kama samli ya Merti. Mama Guyo aliionja siku moja kwenye harusi, akaweka kijiko chini, hakula tena. Wakuu, kilichomuuma si pesa. Alisema ni kama mtu amechukua jina la mama yake akampa mtu mwingine.

Basi akaamua kuiweka kwenye chupa za kioo, watu waione ilivyo safi. Akatengeneza na karatasi ya kubandika, imeandikwa Samli ya Akko. Akko kwa Kiborana ni nyanya, na ndivyo watoto wetu walivyomwita mama yake.

Mungu si wa haraka, lakini anafungua milango. Kuna dada mmoja wa Nanyuki anaitwa Kagendo, ana duka la vyakula vya asili, na wateja wake wengi wanachagua kwa simu kutoka kwenye picha. Aliionja, akaipenda. Akasema ataiweka pamoja na bidhaa mpya Ijumaa, ila apate picha nzuri. Bila picha nzuri, nafasi hiyo itaenda kwa mtu wa asali.

Mama Guyo alinipa chupa, akanitazama, akasema, "Hii ikikataa, narudi kwa jerikani. Na hizi chupa tutawekea chumvi."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Mbona mimi? Kwa sababu simu yenye kamera nzuri ni yangu, na kwa sababu niliwahi kusema mbele ya watu kwamba kupiga picha ni kitu rahisi. Ulimi huu.

Siku ya kwanza niliweka chupa kwenye stuli katikati ya ua, jua la saa nne linawaka vizuri. Nikapiga. Kwenye simu niliona chupa inang'aa, nikamshukuru Mungu, nikaituma Nanyuki na kwenye kundi la familia pia, ili wajue baba yao bado ana nguvu.

Kagendo akajibu, "Mzee, picha ni nzuri, lakini kuna mtu ndani ya samli."

Nikavaa miwani. Nikaikuza picha kwa vidole. Wakuu, nilikuwa mimi. Nimesimama ndani ya chupa na kofia yangu na kikoi changu, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia mbele kuliko nilivyojua. Nyuma yangu kulikuwa na tangi la maji na mbuzi wawili.

Kundi la familia halikunihurumia. Wajukuu walisema babu amekuwa jini wa chupa, wakaanza kuandika wanachotaka niwafanyie wakinisugua. Guyo akapiga simu kutoka Merti kutaka kujua afya yangu, halafu akaniambia kwa heshima kabisa, "Baba, toka kwenye samli ya mama."

Hapo ndipo nilipokaa chini na kufikiri.

Nimesema Kiswahili maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tunasema chupa ya kioo, na kile cha kujitazama ukichana ndevu pia ni kioo. Neno moja. Lugha ilikuwa imeniambia mapema, mimi sikusikia. Nilidhani napiga picha ya chupa, kumbe nilikuwa napiga picha ya kila kitu chupa inachokitazama. Ua wetu, tangi, mbuzi, na mzee mwenye tumbo.

Nikasema nitaingia ndani.

Chumbani nilifunga mapazia nikatumia flash ya simu. Ikatoka nyota nyeupe katikati ya chupa, juu kabisa ya jina la Akko. Nikahama kushoto, nyota ikahama nami. Nikajaribu tochi. Tochi ikaonekana yote, mpaka ufa wake.

Mama Guyo alikuwa akipita mlangoni na kuangalia, anapita tena. Mke akinyamaza hivyo, ni afadhali agombe.

Kwa subira niliendelea kuigeuza chupa mkononi mbele ya dirisha. Na nikaona jambo. Nikiishika mbele ya dirisha, mwanga ukitokea nyuma, samli yenyewe inawaka. Haina haja ya kumulikwa usoni. Inapokea mwanga mgongoni na kuutoa mbele, laini, rangi ya asali. Nilikaa pale nikiitazama mpaka nikasahau ninafanya nini.

Kwa hiyo nikajua: chupa haimulikwi. Unamulika kilicho nyuma yake.

Lakini nyuma yake kulikuwa na nini? Dirisha lenye vyuma, na ukuta wa jirani ulioandikwa matangazo. Vyote vilionekana ndani ya samli, vimepinda. Nilihitaji kitu cheupe cha kufunika dirisha.

Sasa wakuu, nendeni kwenye nyumba zenu mtafute kitambaa cheupe kisicho na maua. Nawasubiri.

Mashuka yetu yana waridi. Mapazia yana waridi kubwa zaidi. Nikatundika kanzu yangu ya Ijumaa, chupa ikaonyesha vifungo vyote na mshono wa shingo, tena vumbi la Isiolo limeifanya kanzu iwe na rangi ya chai. Kitambaa cha meza kina picha ya ndizi.

Kulikuwa na kitambaa kimoja tu cheupe kweli ndani ya nyumba ile. Kilikuwa ndani ya sanduku langu la bati, kimekunjwa, kina harufu ya uturi.

Sanda yangu.

Kwa msiojua, sanda ndicho kitambaa cheupe anachovishwa Mwislamu akifa. Hiyo yangu niliinunua Makka nilipojaliwa kwenda Hajj, nikiwa na jirani yangu Hajji Wako. Tulinunua kutoka jora moja, duka moja, tukaziosha kwa maji ya Zamzam pamoja, tukacheka tukiulizana nani atavaa yake kwanza. Tangu hapo imekaa sandukuni. Huwa naitoa kidogo nikiona dunia inaanza kunipendeza kupita kiasi, naiangalia, nairudisha.

Nilifikiri sana kabla ya kuitoa. Lakini nilichosomeshwa ni kwamba kitambaa ni kitambaa mpaka siku ya kuvikwa. Leo ni mali ya mtu hai, na mtu hai anaruhusiwa kumsaidia mke wake. Upande wa dini niliumaliza haraka.

Upande wa Mama Guyo ulichukua muda.

"Miaka yote hutaki hata niiguse," alisema, "na leo unaitundika kama pazia la duka."

Nikamwambia ni kwa ajili ya samli ya mama yake. Halafu akaenda kuleta pini za nguo.

Kulikuwa na jambo lingine la kujua, na hili wenye kuuza samli wataelewa. Asubuhi hapa kwetu kuna ubaridi kidogo, na samli inaganda inakuwa kama ukuta. Mwanga haupiti. Lazima jua lipande, samli iyeyuke iwe kama maji ya dhahabu. Na dirisha letu linatazama magharibi, kwa hiyo jua linafika pale baada ya alasiri. Nikaona Mungu amepanga vizuri, saa ya samli na saa ya jua zimekutana.

Siku ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ndiyo Ijumaa ya Kagendo.

Nikaswali alasiri msikitini, nikarudi nyumbani moja kwa moja. Tukatundika sanda kwa nje kwenye vyuma vya dirisha, imenyooka vizuri. Tukafunga mlango, tukafunga mapazia yale mengine, ili mbele ya chupa kusiwe na kitu chenye mwanga cha kujitazama humo. Nikavaa koti langu jeusi nisiwe jini tena. Nikavua viatu nisitikise sakafu. Simu nikaiegemeza kwenye mkebe wa sukari kwa sababu mikono yangu inatetemeka, nikaiwekea ile timer ya kujipiga yenyewe.

Nikamwambia Mama Guyo tafadhali usiseme, usitembee. Nyumba ikawa kimya kabisa.

Picha ya kwanza ikatoka. Mwanga mzuri, samli inawaka. Hakuna tangi, hakuna mbuzi, hakuna mimi.

Lakini chupa haikuwepo.

Naomba mnielewe. Kioo ni cheupe, na nyuma ni nyeupe, basi kingo za chupa zilipotelea kwenye weupe. Kulikuwa na samli imesimama hewani peke yake na kifuniko kinaelea juu yake.

Mama Guyo akainama akaangalia simu. Akasema kwa huzuni, "Bade."

Nikasogeza chupa, nikapiga tena. Akaangalia tena, akasema kwa sauti, "Bade. Bade kabisa."

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze neno hili, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo. Kiborana hakina ngeli kama Kiswahili. Ukisema bade, inaweza kuwa imepotea, inaweza kuwa amepotea, yaani ametutoka. Chupa au mzee, neno ni lile lile.

Na nje ya dirisha, wakati huo huo, alikuwa akipita Hajji Wako.

Haya niliambiwa baadaye. Hajji alikuwa ametoka mnada wa mbuzi, hakuswali alasiri na sisi, kwa hiyo hakuwa ameniona siku hiyo. Alichojua ni kwamba wiki nzima nilikuwa na kikohozi. Akapita kwenye njia ya nyuma ya nyumba, akaona kitambaa cheupe kimetundikwa dirishani. Akakaribia. Akakijua. Angekosaje kukijua, na cha kwake kimetoka jora lile lile?

Akaona mlango umefungwa mchana. Akaona mapazia yamefungwa. Akasikia kimya. Halafu akamsikia Mama Guyo akisema kwa sauti ya huzuni, amepotea, amepotea kabisa.

Hajji Wako ni mtu mwepesi wa huruma. Hakubisha hodi. Alisema hakutaka kumsumbua mjane, akaenda kuwaita majirani.

Mama Guyo amecheka sasa hivi, akasema niandike kwamba alikuwa mjane kwa muda wa chai kuchemka tu.

Ndani mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimekazana na chupa. Nikasogeza stuli mbali na dirisha, nikaisogeza karibu, nikapunguza mwanga kwenye simu kwa kidole. Samli nzuri, chupa hakuna. Jua linaendelea kushuka, na nilijua likishafika nyuma ya nyumba ya jirani, basi. Nilianza kuona chupa zetu zimejaa chumvi.

Mara kwenye sanda kukatokea kivuli.

Kichwa chenye kofia. Kimesimama katikati kabisa, nyuma ya samli. Nikasubiri apite, lakini hakupita. Kikaja kivuli cha pili, cha tatu, halafu vivuli vya wanawake, wengi, wamejifunika. Samli yote ikawa nyeusi kama kahawa.

Nikataka kusema kitu, lakini sauti ya Hajji Wako ikatangulia. Alikuwa akiwaambia watu pale nje, kwa upole sana, habari zangu.

Alisema nilikuwa mtu wa subira. Alisema watoto wa mtaa mzima walijua kusoma kwa sababu yangu, na sikuwahi kumpiga mtoto kwa hasira. Mtu mmoja akasema, lakini si tumeswali naye alasiri hii hii? Hajji akamuuliza kama aliniona vizuri. Yule akasema ndiyo, na alikuwa ameshika goti. Watu wakasema, basi, ilikuwa imeshaanza.

Imeshaanza kwenye goti, wakuu.

Hajji akaendelea. "Hakuwa na kosa lolote yule mtu," akasema. "Chai yake tu ndiyo ilikuwa haina sukari. Na hilo nimemsamehe."

Kisha akaomba dua. Akaomba nisamehewe, nipanuliwe kaburi, niingizwe peponi bila kuhesabiwa.

Na mimi ndani, simu mkononi, nikasema, "Amin."

Sikukusudia. Ni mazoea. Mtu akiomba dua, unaitikia amin, na ile ilikuwa dua nzuri, sikutaka ipotee. Mama Guyo alikuwa amejiziba mdomo na mtandio wake na mabega yanatikisika. Waliokuwa nje walidhani analia.

Nilitaka kutoka nje niwaeleze kwa utaratibu. Lakini nikatazama ule mwanga. Jua lilikuwa limebakiza kidogo sana. Nikaona nikienda kufungua mlango, nikasalimia kila mtu, nikaeleza habari za Kagendo na za kioo, Ijumaa imekwenda na samli ya mama mkwe imerudi kwenye jerikani.

Basi nikasema kwa sauti ya darasani, "Hajji Wako, ondoka kwenye mwanga."

Pale nje kitu cha bati kikaanguka. Ilikuwa sufuria ya Mama Rukia, jirani yetu anayeongoza wanawake kwenye misiba yote, alikuwa ameshakuja nayo tayari kupika. Kuna mtu alikimbia, nilisikia patapata zake zikigonga njia. Mpaka leo hakuna anayekubali kwamba ni yeye.

Hajji akasema polepole, "Maalim. Uko wapi?"

"Niko ndani. Wewe ndiye uko kwenye samli."

Wakasogea. Nadhani kwa hofu, kwa sababu waligawanyika haraka sana, nusu huku, nusu kule, kama mtu amefungua pazia. Wanawake na mabuibui yao meusi wakaenda upande wa kushoto wa dirisha. Hajji na wanaume wengine na makoti yao wakaenda kulia. Katikati pakabaki wazi, na jua likaingia.

Wakuu, hapo ndipo nilipoiona chupa.

Vivuli vyao viliifanya sanda iwe nyeusi huku na huku, ikabaki nyeupe katikati tu, nyuma ya chupa. Na ule weusi wa pembeni ukaingia kwenye kingo za kioo. Kila upande ukatokea mstari mwembamba mweusi, kutoka shingoni mpaka chini, safi kabisa. Kama jicho lililopakwa wanja. Ndani ya huo wanja samli inawaka.

Mama Guyo hakuwa akicheka tena. Alisema tu, "Hiyo ndiyo."

Nje nikasikia watu wanaanza kuondoka. Nikasema, "Msiondoke. Kaeni hapo hapo mlipo."

Hajji akauliza, "Sasa Maalim, wewe ni maiti au si maiti?"

"Bado. Usisogee, umesimama vizuri."

Wakasimama. Mungu awalipe. Watu waliokuja kunizika walisimama juani huku na huku ya dirisha langu, na wakinong'ona nawasikia. Mama Rukia alikuwa akimuuliza mwenzake kama hii ni sunna. Jina la Akko lilikuwa na giza kidogo kwa mbele kwa sababu mwanga wote uko nyuma, basi Mama Guyo akachukua sinia la pilau akalishika kando ya simu, likarudisha mwanga kidogo kwenye karatasi mpaka ikasomeka. Nikapiga, nikapiga, mpaka jua likaingia nyuma ya nyumba ya jirani.

Kisha nikafungua mlango.

Sitaeleza yote. Hajji Wako alinishika uso kwa mikono miwili kama anakagua tikiti maji, halafu akanikumbatia, halafu akakasirika. Akaniambia mtu mzima hawezi kuchezea sanda. Nikamwambia mtu mzima hawezi kumzika mwenzake bila kubisha hodi. Tukaenda hivyo kidogo, na Mama Guyo akaweka chai. Sufuria ya Mama Rukia ilikuwa hapo tayari, na sukari ya msiba pia ilikuwa imeshanunuliwa.

Hajji akaonja, akaonja tena. "Leo ina sukari," akasema. "Mtu lazima afe kwanza."

Picha niliituma kabla ya magharibi. Nilimaliza swala nikarudi, nikakuta Mama Guyo ameishika simu yangu kwa mikono miwili, hajaifungua, ananisubiri mimi.

Kagendo alikuwa ameandika, "Mzee, leo hakuna mtu ndani. Kesho naiweka."

Na akaiweka. Wakuu, inakaa kwenye ukurasa wa duka lake sasa, na jina la mama mkwe linasomeka. Yule mtu wa jerikani alikuja kuuliza kama kuna samli wiki hii. Mama Guyo alimpa chai, akamwambia hakuna.

Sasa funzo, kwa mwenye chupa za kuuza, iwe asali, uturi au mafuta ya nywele. Usihangaike kuimulika chupa. Jiulize chupa inaona nini, halafu panga hicho. Nyuma yake weka weupe wenye mwanga, kidogo tu, usizidi sana upana wa picha. Pembeni huku na huku weka weusi. Mimi sasa natumia mabuibui mawili ya mke wangu kwenye kamba, sihitaji tena kuita watu msibani. Mbele yake pawe na giza, na wewe mwenyewe vaa nguo nyeusi, kwa sababu utajiona tu. Ifute vizuri kwa kitambaa kikavu, alama ya kidole inaonekana kama kovu.

Na funzo la pili ni dogo. Kama una rafiki, usingoje adhani umekufa ndipo usikie anavyokuona. Mimi nilisikia kwa bahati, na tangu siku ile natia sukari kwenye chai.

Hajji mwenyewe alikuja wiki iliyofuata, ana kitu kwapani kimefungwa kwenye gazeti. Binti yake anauza uturi kwenye vichupa vidogo. Alilifungua gazeti polepole, akaangalia pembeni kidogo, akasema, "Yangu nayo inakaa bure tu."

Basi tukatundika sanda zote mbili. Zinalingana. Kila mtu anayepita njia ya nyuma sasa anabisha hodi kwanza.

Kuna jambo moja bado, na hapa nahitaji msaada wenu. Tulipokuwa tunaikunja sanda ile Alhamisi, Mama Guyo aligundua tone la samli kwenye pembe moja. Dogo, kama punje ya dengu. Ameiosha mara mbili, halijatoka. Anasema ni aibu, huko kaburini nitaulizwa nilikuwa nafanya nini na nguo hii.

Nimemwambia nitajibu ukweli, nilikuwa nampigia mke wangu picha ya samli. Samli ni twahara. Na harufu yake kwangu ni nzuri kuliko uturi wote wa Hajji Wako. Mama Guyo amesoma hapo, hajanigonga na kijiko.

Karibuni kwa maoni, maswali, hata kunicheka. Na mwenye dawa ya kutoa doa la samli kwenye pamba aandike hapa chini.

Lakini taratibu, wakuu. Sina haraka na hiyo nguo.